Waliobaki Ng'ambo ya Rudka

Lublin, 8 Mei 1933

Kwa Mheshimiwa Kapteni Hilary Tarnawa,
Kamati ya Historia ya Rejimenti, Kambi ya Olszana

Mheshimiwa Bwana Kapteni,

Naomba radhi kukuandikia bila ya kujulishwa kwako na mtu yeyote. Naitwa Otylia Gancarz, mwanafunzi wa sekondari ya wasichana hapa Lublin. Mimi ni binti wa marehemu Koplo Walenty Gancarz wa batalioni ya pili, na ni dada yake Ludwik Gancarz, ambaye sasa anatumikia jeshi chini yako katika kombania ya nne.

Wakati wa Pasaka Ludwik alinipa zawadi ya kitabu chenu kipya, historia ya rejimenti tangu ilipoundwa Olszana mwaka 1919. Nakipenda sana. Nimekisoma, nikakirudia, na ndiyo maana ninathubutu kuandika. Katika ukurasa wa kumi na tisa mmesema hivi: "Mwanzoni mwa Julai 1920 rejimenti ilijipanga upya kwenye ukingo wa magharibi wa mto Rudka." Basi. Mstari unaofuata tayari ni Agosti.

Bwana Kapteni, batalioni ya pili haikujipanga upya ukingo wa magharibi. Ilibaki ukingo wa mashariki, kwenye kinu cha kusagia ngano, kuwazuia Wabolsheviki wa Urusi ili wenzao wapate kuvuka. Wenzao walivuka, daraja likachomwa moto, na wa kinuni hawakurudi. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Wakulima wa pale waliwazika, na Mama aliliona kaburi mwaka uliofuata. Olszana nzima inaijua tarehe tatu Julai. Mpaka miaka minne iliyopita hiyo ndiyo ilikuwa sikukuu ya rejimenti, ingawa hata wakati huo majina yao hayakusomwa, kabla hamjaihamishia tarehe ishirini na mbili Septemba, siku ya ushindi wa Mokrzec.

Sina ugomvi na Mokrzec. Ninaomba mambo mawili tu: ukurasa huo usahihishwe, na jioni ya mkesha wa sikukuu, katika Mwito wa Walioanguka, majina ya watu wa kinuni yasomwe pamoja na mengine. Mwaka jana Mama alisimama kuanzia jina la kwanza hadi la mwisho, kisha akarudi nyumbani bila kulisikia la mumewe.

Wako mtiifu,
Otylia Gancarz


Olszana, 15 Mei 1933

Binti Gancarz,

Barua yako imefika. Nitajibu kwa ufupi, maana nina kazi.

Historia ya rejimenti imeandikwa na maofisa waliokuwepo, si na wanafunzi waliokuwa wakinyonya. Jina huingia kwenye Mwito pale tu kifo kinapothibitishwa na maofisa wawili walioshuhudia kwa macho yao. Kuhusu kinu cha Rudka, hakuna ofisa aliyewahi kuleta ushahidi mbele ya kamati. Kwa hiyo watu hao wameandikwa kuwa wamepotea, na rejimenti haiwaiti waliopotea.

Sikukuu ilihamishwa kwa sababu rahisi ambayo hata msichana ataielewa: rejimenti haiadhimishi kushindwa kwake.

Nakushauri urudi kwenye Kilatini chako. Mengine utaelezwa na kaka yako. Yeye angalau amefundishwa kusimama wima.

Kapteni H. Tarnawa


Kambini, 17 Mei 1933

Wewe Otylka,

Una wazimu, au kuna mtu kakulipa? Nilikupa kitabu usome, sikukupa uanzishe vita!

Juzi niko jikoni, namenya viazi na wenzangu, anakuja tarishi: "Gancarz, kwa Kapteni, mbio!" Naingia nikiwa na maganda mpaka kwenye viwiko. Tarnawa ameshika barua yako kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshika panya mkiani. Ananiuliza, "Gancarz, nyumbani kwenu mwanamume ni nani?" Nikasema, "Mimi, Bwana Kapteni." Akasema, "Mbona anayepiga kelele ni mwingine?" Karani wake alicheka hadi akamwaga wino. Kufika jioni kambi nzima inajua. Sajenti Pyrz sasa ananiita Mume wa Profesa. Nikichelewa kufunga vitambaa vya miguu ndani ya buti anasema, "Mwacheni, anasubiri idhini kutoka Lublin."

Sasa nisikilize, Bi Profesa. Oktoba natakiwa kwenda shule ya masajenti. Ni mshahara huo, ni chumba, na Mama ataacha kushona mashati ya watu mpaka macho yanamtoka. Anayetia saini ni Tarnawa. Si mwingine, ni Tarnawa. Umeelewa?

Mwandikie umwombe radhi. Mistari miwili inatosha. Kwa Kilatini ukitaka.

Kakako,
Ludwik


Lublin, 21 Mei 1933

Kaka Ludwik,

Sitamwomba radhi. Unaniambia habari za viazi na wino, hujaniambia kama ninasema uongo. Ninasema uongo?

Wewe ulikuwa na miaka minane Baba alipoondoka. Unamkumbuka alivyoongea, unakumbuka alivyokubeba shingoni kwenda mnadani. Mimi nilikuwa na minne na sikumbuki hata viatu vyake. Mimi Baba ninaye kwenye maneno ya watu tu, na sasa maneno yenyewe yanafutwa, na wewe unasimama pembeni unashika kopo la viazi na kusema ndiyo Bwana Kapteni.

Samahani, hilo la mwisho nimelisema kwa hasira. Lakini silifuti.

Umewahi kujiuliza kwa nini hakuna ofisa aliyeshuhudia? Maofisa wote wa batalioni ya pili wamelala pale pale kinuni. Kamati inataka marehemu waje na barua ya kuthibitisha kwamba ni marehemu. Hata Sajenti Pyrz wako angecheka hapo.

Dadako,
Otylia


Lublin, 21 Mei 1933

Mheshimiwa Bwana Kapteni,

Nashukuru kwa jibu lako, ingawa halikujibu nilichouliza.

Unasema panahitajika maofisa wawili walioshuhudia. Walioshuhudia walikuwa kinuni na wamekufa. Lakini upo ushahidi wa upande wa pili wa mto. Kitabu chenu kinasema, kwenye orodha ya maofisa, ukurasa wa hamsini, kwamba wakati huo Luteni Hilary Tarnawa wa batalioni ya kwanza alikuwa msimamizi wa daraja la Rudka. Ofisa aliyekuwa darajani aliweza kuona kinu. Mama anasema ni umbali ambao mtu akiita, anasikika. Je, Luteni huyo aliwahi kuulizwa na kamati ni nani walikuwa bado ng'ambo daraja lilipowaka?

Tena bendera mnayoitoa kila sikukuu ilinunuliwa na mji wa Olszana, na tai wake alitariziwa na wanawake kumi wa parokia yetu majira ya baridi ya 1919. Mama alitarizi bawa la kushoto. Karibu wote ni wajane wa kinuni. Mnaibusu bendera yao, lakini majina ya waume zao yanawakwama kooni.

Kama kamati haitasahihisha, nitaliandikia gazeti.

Otylia Gancarz


Olszana, 2 Juni 1933

Binti Gancarz,

Daraja lilichomwa kwa amri. Amri za vitani sizijadili na watoto wa shule.

Nimemwandikia Mwalimu Mkuu wako kumjulisha kwamba mwanafunzi wake anawatishia maofisa wa Jamhuri kwa magazeti. Nimemkumbusha pia kwamba ada yako inapunguzwa kwa hisani ya mfuko wa mayatima wa jeshi, mfuko huo huo unaokutambua kama mtoto wa askari. Hisani si haki. Huja, na huweza kuondoka.

Sitapokea barua nyingine kutoka kwako.

Kapteni H. Tarnawa


Kambini, 7 Septemba 1933

Otylka,

Umeondoka kurudi Lublin hata kuniaga hukuniaga. Umefanya vizuri, maana ningekuaga vibaya.

Bado watu wanaongea habari za misa ya tarehe tatu Julai, ambayo parokia bado inaisoma na kombania yetu hupelekwa. Nani alikutuma usimame kwenye ngazi za kanisa na karatasi yako, mbele ya wake za maofisa na miavuli yao? Wewe ambaye dukani ukitumwa chumvi unanong'ona mpaka muuzaji anakuletea sabuni! Ulifungua mdomo, ukasema, "Watu wa kinuni," halafu sauti ikakataa. Ukabaki umesimama kama mshumaa. Mke wa Kapteni akasema, "Maskini, ana joto," na wenzake wakacheka, na Mama akakushika mkono kukushusha ngazi kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Nilikuwa nimesimama kwenye safu, macho mbele, siruhusiwi hata kugeuza shingo. Unajua nilivyojisikia? Hujui, maana wakati huo wewe ulikuwa unalia.

Na nyumbani je, kila nikipata ruhusa ya kutoka kambini? Majira yote ya joto ni majina tu. Ninakula kabichi, unataja majina. Ninapiga buti rangi, unataja majina. Bw. Kania mganga wa farasi, na ndugu wawili wa Smolarek, na yule mwalimu wa nyimbo. Nimekwambia nyamaza, ukayasema kwa sauti kubwa zaidi. Nyumbani sauti unayo!

Haya. Sasa ipo habari, na safari hii usiiharibu.

Tarnawa ameniita. Alikuwa mpole, alinipa na sigara. Anasema Kanali hataki kelele za magazeti mwaka huu kwa sababu anakuja jenerali kwenye sikukuu. Kwa hiyo jina la Baba litasomwa kwenye Mwito. Walenty Gancarz, litasomwa! Mama atapewa msalaba wa shaba na kiti mstari wa mbele. Na mimi nimechaguliwa kumjibia. Unajua utaratibu: sajenti mkuu anaita jina, kombania inajibu kwa pamoja, "Alianguka katika uwanja wa utukufu!" Ila kwa Baba nitajibu mimi peke yangu, mwana kwa baba yake, halafu ngoma. Jenerali atapenda.

Kitu kimoja. Kwa sababu ya ile kanuni ya maofisa wawili, ataitwa pamoja na wa Mokrzec. Wapo maofisa wawili watakaotia saini kwamba alianguka Mokrzec, mwezi Septemba. Nawe uandike mistari michache kwamba umeridhika na hutaandika popote tena. Akishaipata barua hiyo, anasaini karatasi zangu za shule.

Saini, Otylka. Kwa mara moja katika maisha yako funga kitabu.

Ludwik


Lublin, 10 Septemba 1933

Kaka Ludwik,

Nimesoma barua yako nikadhani nimekosea. Baba alianguka Mokrzec, Septemba? Miezi miwili baada ya kuzikwa? Alifufuka kinuni, akaogelea Rudka, akatembea mpaka Mokrzec ili afe mahali panapompendeza jenerali?

Usinicheke habari za ngazi za kanisa. Nilijua sauti itakataa. Nilipanda hivyo hivyo. Wewe una sauti ya kusikika uwanja mzima na unataka kuitumia kusema uongo juu ya Baba, tena peke yako, tena mbele ya Mama.

Na wengine je? Bw. Kania alianguka wapi, naye Mokrzec? Wale ndugu wawili wa Smolarek? Wakishampata Baba na kumhamisha, hakuna atakayewakumbuka waliobaki. Watasema: mnaona, hata binti Gancarz aliyepiga kelele ameridhika. Wamemchagua Baba kwa sababu mimi ndiye niliyeandika. Wanamnunua mmoja ili wawazike wengine mara ya pili.

Ukijibu Mwito huo, usiniite dada. Nitaitwa na watu wengine.

Otylia


Olszana, 14 Septemba 1933

Tumsifu Yesu Kristo.

Binti yangu Otylia,

Mimi si mtu wa kuandika, unajua. Ludwik amenisomea barua yako, kisha akaitupa mezani akatoka. Nimeiokota.

Unasema Baba yako hakufia Mokrzec. Mimi ndiye niliyepanda mkokoteni wa Smolarek mzee mpaka kinuni, nikapiga magoti kwenye udongo ule. Usinifundishe mume wangu kafia wapi. Najua kuliko wewe, na kuliko huyo Kapteni, na kuliko kitabu.

Lakini miaka kumi na tatu nimesimama uwanjani nikiwasikia waume wa wenzangu wakiitwa, na wangu hapana. Mke wa Zych aliyeanguka Mokrzec ananitazama kana kwamba wangu alikimbia. Sikio la kushoto limeshaziba, la kulia nalo linafuata. Nataka nilisikie jina lake likiitwa na ngoma ikipigwa, mara moja. Wakiliita kwa Mokrzec, au kwa mwezini, mimi nitajua ni nani.

Wewe una ukweli wako wa vitabuni, na Mungu akubariki nao. Mimi nina macho mabovu na mashati ya kushona. Ludwik asipopata ile shule ni wewe utakayetulisha?

Sikubembelezi kwa machozi. Andika wanachotaka. Ukikataa, Krismasi usije.

Mama yako,
Marcjanna


Lublin, 17 Septemba 1933

Kwa Kapteni H. Tarnawa

Mimi Otylia Gancarz nathibitisha kwamba nimeridhika na uamuzi wa kamati kuhusu baba yangu, na kwamba sitaandika juu ya jambo hili kwa rejimenti wala kwa gazeti lolote.

Hayo ndiyo maneno uliyotaka. Haya ni yangu: najua unajua.

O. Gancarz


Olszana, 23 Septemba 1933

Binti Gancarz,

Nilisema sitapokea tena barua yako, wala sikutaka kukuandikia. Nalazimika.

Barua yako ya kuridhika ilinifikia asubuhi ya mkesha wa sikukuu. Niliamini kwamba ninashughulika na watu wa heshima. Jioni ile ile nikaona thamani ya saini ya ukoo wenu. Kwa mkono mmoja umesaini, kwa mwingine ukamtuma kaka yako kuivuruga shughuli takatifu ya rejimenti mbele ya Jenerali, mbele ya Bwana Meya, mbele ya padri. Usijisumbue kukana. Maneno aliyoyasema ni yako, majina ni yale uliyoshindwa kuyasoma kwenye ngazi za kanisa.

Na kilichofanyika baada ya hapo, sijui kama unakielewa. Kanali, maofisa wote na mimi tulisimama na vidole kwenye ukingo wa kofia. Mkono haushushwi mpaka Mwito uishe, na kaka yako hakuuacha uishe. Mlitulazimisha kuwapigia saluti watu ambao kamati haijawathibitisha.

Askari Gancarz yuko selo siku kumi na nne. Habari ya shule ya masajenti imekwisha. Kitabu hakitabadilishwa hata nukta.

Kapteni H. Tarnawa


Selo ya kambi, 25 Septemba 1933

Otylka,

Umesaini.

Tarnawa alinirushia barua yako usoni hapa selo, akidhani ilikuwa hila yetu wawili. "Dada yako hodari sana," akasema. Nikaisoma nikiwa nimeketi sakafuni. Tarehe kumi na saba! Na mimi tangu ile barua yako ya Usiniite Dada natembea na matusi yako kichwani, silali, Pyrz ananiuliza kama nina minyoo. Ulinitukana vizuri halafu ukageuka ukakubali, na hata kuniambia hukuniambia! Ningejua umeridhika ningejibu kama walivyonifundisha, na sasa hivi ningekuwa nafungasha kwenda shule ya masajenti. Kwa hiyo usidhani nimefanya hili kwa ajili yako. Nimekukasirikia kuliko wakati wowote.

Nitakueleza ilivyokuwa kwa sababu watu watakuambia uongo.

Tulipangwa kuuzunguka moto, kombania kwa kombania. Mama mstari wa mbele kwenye kiti, msalaba kifuani, shali yake ya kanisani. Sajenti mkuu anaita jina, sisi tunajibu, ngoma. Jina, jibu, ngoma. Vijana wetu wamefanyishwa mazoezi ya hilo wiki nzima, asubuhi na jioni. Nusu yao wametoka vijijini huko mashariki, Kipolandi chenyewe wanakibahatisha, lakini hilo jibu wanalisema hata usingizini. Kisha ananiita: "Koplo Walenty Gancarz, aliyeanguka Mokrzec!" Zamu yangu.

Nilikuwa tayari kusema. Naapa, Otylka, mdomo ulikuwa umeshafunguka. Nikamwona Mama ameinamisha kichwa, amelielekeza lile sikio la kulia kwangu, anakinga na kiganja, apate kunisikia. Nikashindwa kumtia lile neno sikioni.

Nikasema, "Hakuanguka Mokrzec. Alianguka kwenye kinu cha Rudka, tarehe tatu Julai, na daraja lilikuwa limeshachomwa."

Nilingoja wanikamate. Hakuna aliyesogea. Baadaye ndipo nilipoelewa: maofisa wote wako saluti, vidole viwili kofiani, na mkono haushuki mpaka sajenti mkuu aseme Mwito umekwisha, na sajenti mkuu mwenyewe amepigwa na butwaa. Tarnawa macho yamemtoka kama ya samaki, mkono upo pale pale. Basi nikaona nimeshaharibu, heri niharibu moja kwa moja. Nikaita, "Szczepan Kania!"

Na wale vijana, Otylka, wale maskini ya Mungu wasiojua Rudka ni mto au ni ng'ombe, wamesikia jina, basi. Kombania nzima: "Alianguka katika uwanja wa utukufu!" Na mpiga ngoma akapiga. Nikaita, "Jacenty Smolarek!" Wakajibu. "Feliks Smolarek!" Wakajibu, na safari hii kombania ya tano nayo ikaingia, wakidhani wamechelewa. Kule nyuma Pyrz ananong'ona, "Nyamazeni, wajinga nyie!" lakini nani anamsikiliza, ngoma inalia. Wajane wa kinuni, waliokuwa wameketi nyasini, wakaanza kusimama mmoja mmoja, jina likiitwa anasimama mwenyewe. Niliendelea mpaka yakaniishia. Nilikumbuka mengi kuliko nilivyodhani. Umenitesa nayo majira yote ya joto, sasa umefurahi?

Sajenti mkuu akapata fahamu, akasema Mwito umekwisha. Mikono ikashuka. Wakanichukua.

Jana Mama alikuja. Ameniletea mkate na kipande cha nyama kavu, akavipitisha kwa mlinzi bila kunitazama. Msalaba wamemnyang'anya. Akasema, "Umeniharibia maisha. Na dada yako pia. Mmenizeesha." Nikasema ndiyo Mama. Akasema, "Shule imekwenda, macho yangu ndiyo haya, nitashona mpaka nife." Nikasema ndiyo Mama. Mlango ukafungwa. Nikadhani ameondoka. Halafu nikamsikia nyuma ya mlango, kwa hasira ile ile:

"Na Bonawentura Lis je? Mbona hukumwita? Mke wake alisimama wima mpaka mwisho anangoja."



Nitakuwa humu mpaka tarehe tano. Usiniandikie pole, nitaichana. Niandikie majina yote, kuanzia la kwanza, kwa herufi kubwa kwa sababu dirisha la humu ni dogo. Ibada ya Jumapili kambini tunaruhusiwa kuhudhuria hata sisi wafungwa, na padri huuliza kama kuna marehemu wa kuombewa.

Ludwik